Mafundi wa mkono ndoni hapa: oda za watu zimenimaliza hamu ya kuchonga, nyinyi mwafanyaje?

PatasiYaLangoni (mwenye uzi)

Asalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Hili nimekaa nalo kifuani tangu kusi ianze, nikaona heri niliandike hapa maana nikilisema barazani nitachekwa, wataniambia wewe una oda za kukulalamisha na wenzio hawana hata ya mbuzi ya kukunia nazi.

Mimi ni fundi wa nakshi hapa Amu, yaani Lamu, nachonga tangu nina miaka kumi na mbili, nimefunzwa na ami yangu kwenye kibanda hiki hiki nilichomo mpaka leo. Milango, vitanda vya samadari, fremu za vioo, masanduku. Rizki ipo alhamdulillahi, sikufuru. Lakini huu mwaka wa tatu sijachonga kitu hata kimoja ambacho mtu hajaniagiza. Nina daftari la michoro, ami alikuwa akiniambia chora kila unachokiota, sasa daftari lenyewe limejaa hesabu za futi za mbao na namba za simu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyumba moja ya wageni kule Shela, siitaji, iliniagiza fremu kumi na nne, zote waridi lile lile na mnyororo ule ule pembeni. Ya kwanza niliifurahia wallahi. Ya tatu nikawa naangalia simu. Ya kumi na moja nilikuwa kwenye jani la mwisho la waridi, na ile patasi ndogo ya robo inchi, mkono waenda wenyewe mimi nawaza nitamwambia nini mwenye mlango aliyenipigia mara nne tangu asubuhi, mara nasikia tk, jani zima limeruka limeanguka kwenye maranda miguuni. Nikapiga magoti kulitafuta kama mtu aliyepoteza pete. Nikalipata, nikalibandika kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa, hakuna atakayejua. Sasa wajua kilichonitisha? Sikuumia. Zamani jambo kama lile ningelala nalo siku mbili, siku ile nilisema tu haya, lete ya kumi na mbili.

Na huyo wa mlango naye, subiri nimalize. Alinitumia picha ya mlango wa Unguja wenye misumari ya shaba mikubwa kama vikombe vya kahawa, anataka hivyo. Nikamchorea. Wiki ya pili akasema ongeza maua kama ya hii picha, naangalia ni picha ya zulia! Wiki ya tatu mkewe kasema misumari itaumiza watoto, tuitoe. Na mashimo nishatoboa.

Swali langu ni je, nikatae oda? Nipandishe bei mpaka wakimbie? Niweke siku moja ya wiki iwe yangu? Hiyo nilijaribu, Ijumaa baada ya swala, wapi, Ijumaa ndiyo siku kila mtu anapita kukagua kazi yake.

KijanaMkomani

Kataa zote nigee mimi hahaha

BiViua

Waaleikum salaam mwanangu. Umenikumbusha mbali. Mimi nashona kofia, za mkono, za viua, siku hizi mato hayanisaidii natia uzi kwenye sindano mara tatu hauingii ndipo naita mjukuu. Kofia moja kwangu ni miezi mitatu, minne kukiwa na harusi ama mgonjwa nyumbani. Unapandanisha nguo mbili, unachora kwa penseli, halafu kila kiua unakitoboa na kukizungushia uzi mpaka kiwe kitundu cha duara, kimoja kimoja, na kofia moja ina mamia. Sasa fikiria mamia hayo na mchoro wenyewe hukuupenda tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa kama wewe. Mwezi wa mfungo tano ukiingia watu wanajua Maulidi yako karibu, wanakuja na simu mkononi, Bi nataka kama ile aliyovaa fulani msikiti wa Riyadha mwaka jana. Basi mwaka mzima nashona kofia ya fulani. Siku moja nikamjibu mtu, na nilimjibu kwa hasira wala si kwa hekima, nikamwambia wewe leta kichwa, mchoro nitaleta mimi. Yaani unanipa kipimo, unasema rangi ya uzi, unasema siku unayoitaka, hapo ndipo mwisho wako. Ukitaka kuchagua mchoro hizi hapa kofia zilizokwisha, zimetiwa dondo ziko kwenye faroma (kile kibao cha umbo la kofia), chagua uende zako.

Watu watatu walinuna. Mmoja hajarudi mpaka leo na tukikutana njiani ananipa salamu ya pembeni. Lakini waliobaki ndio nilioona ajabu yao, wengi hata hawakuwa na mchoro wanaoutaka! Walikuwa wanaleta picha kwa sababu waliona ndivyo kofia inavyoagizwa.

Na nina kofia nyingine sandukuni haina mwenyewe. Niliianza mwezi aliokufa babangu, ni mwaka wa saba sasa. Moyo ukinibana naitoa nashona viua kumi ama kumi na tano naikunja tena. Mwanangu aliniuliza hiyo ya nani, nikamwambia haijapata kichwa.

Lakini hayo ya siku moja ya wiki kuwa yako, mwanangu, hayo ni ya watu wa mshahara.

TwigaMoja

Bi heshima yako, hiyo ya leta kichwa naiandika ukutani.

Mimi niko Malindi, Mkamba niliyezaliwa huku huku Pwani, nachonga twiga. Ndiyo, wale wale. Nimechonga twiga wengi kuliko walioko Tsavo. Baba alichonga mpingo na muhugu, sisi leo ni mwarobaini maana ile miti imeadimika, na mwarobaini ukiupiga msasa vumbi lake chungu linakaa kooni mpaka chai ya jioni unaionja kama dawa ya malaria.

Nataka kubisha kidogo kaka. Kurudia hakuui mtu. Twiga wa mia mkono unamjua, kichwa kinabaki huru, mimi vitu vyangu karibu vyote nilivyobuni nilivipata niko katikati ya shingo ya twiga. Hebu rudi usome ulichoandika mwenyewe. Jani liliruka ukiwa unamuwaza mwenye mlango aliyepiga simu mara nne. Waridi hata hukuwa unaliwaza. Sasa kwa nini mtu apige mara nne? Nitakisia, na unisamehe nikikosea: amekulipa advansi, na advansi umeila.

Mimi ndicho kilichonimaliza. Machi 2020 ndege za nje zilipositishwa huku kwetu ni kama mtu amezima taa, sisi hapa mgeni wetu ni Mwitaliano na Mwitaliano hayupo. Nikawa nachukua advansi kwa yeyote, wa Nairobi, wa Mombasa, shemeji wa jirani, nakula, nachukua nyingine nafungua kazi ya kwanza, ile ya pili nayo naila. Nilifika oda kumi na moja zote pesa zake zishakuwa unga na karo. Jamani hakuna kazi nzito kama ya pesa iliyoliwa. Unaamka unaiona pale kwenye kona imefunikwa gunia, unapita mbali kama mtu anayekudai.

Tangu nitoke pale, kwa mwaka mmoja na nusu wa taabu, advansi yangu ni bei ya gogo tu. Nainunua siku hiyo hiyo, naandika jina la mteja kwa chaki, namtumia picha. Ujira wangu mpaka amalize kuitazama kazi. Na zikiwa tatu kwenye kona sipokei ya nne hata uje na Papa.

MtejaMwenyeSubira

Naomba na sisi tusemwe. Mimi ni mtu wa Amu nakaa Mombasa, niliagiza samadari kwa fundi mmoja hapo (si wewe Patasi, natumai) kwa ajili ya harusi ya ndugu yangu. Nusu nikalipa. Nikaambiwa miezi mitatu. Kila nikipiga ni "iko kwenye msasa". Msasa gani huo! Bwana harusi kalala kwenye godoro chini na biarusi wake, kitanda kimefika mtoto ashaanza kutambaa. Kizuri wallahi, kila mtu akiingia anakisifu, na kila wakikisifu mama yangu anatoka chumbani.

Nyinyi mwasema hamu, hamu. Semeni tu ukweli kwamba mko na kazi kumi mbele yangu, mtu ataamua kungoja ama kutafuta kwengine.

KijanaMkomani

"iko kwenye msasa" nimekufa

PatasiYaLangoni

Si mimi ndugu, lakini nilivyosoma nimetoka jasho kama ni mimi.

TwigaMoja umenipiga pabaya. Jana usiku baada ya kufunga kibanda nimekaa na kalamu nikahesabu. Nina oda tisa. Tisa zote zina advansi, na advansi zote tisa zimekwenda, mbili ziliingia kwenye mabati, moja hospitali, nyingine sikumbuki hata zilikwenda wapi. Bado kuna mbao ya mbambakofi ya mtu sijainunua na pesa yake alinipa kabla ya Ramadhani. Nilikuwa najiona mimi msanii aliyechoshwa na watu wasiojua sanaa, kumbe mimi mdaiwa.

Ila nakataa nusu. Zile fremu kumi na nne nililipwa zote mwisho, sikula kitu mbele, na bado zilinichosha. Kwa hiyo deni ni nusu ya maradhi, nusu nyingine ni ile ya Bi Viua.

NdaraNaMatanga

Mimi nasema kitu cha Amu kilichosikika duniani miaka hii hakuna mteja aliyekuja dukani akakiagiza. Lile jahazi la plastiki, Flipflopi, mafundi wa hapa hapa wamechukua taka za plastiki na ndara zilizookotwa ufuoni wakaunda jahazi la mita tisa, likashushwa majini 2018, mwaka wa pili yake likaenda mpaka Unguja. Nani angeliagiza? Ukingoja mteja akuletee wazo utachonga waridi mpaka ufe.

TwigaMoja

Kaka lile lilikuwa mradi, lilikuwa na wafadhili na watu wa kutafuta pesa. Usimwambie mtu mwenye karo ya Januari aunde jahazi la ndara.

MwalimuWaKale

Naingilia kati ya wagomvi. Hii milango ya mji wa Amu mnayosimama kupiga picha, na zidaka za plasta zilizopangwa ukutani kwenye zile nyumba za mawe, vyote ni kazi za oda. Mwenye nyumba alisema nataka, fundi akafanya. Mji uliotiwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO 2001 ni mji wa vitu vilivyoagizwa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mwenye nyumba yule na fundi wake walikuwa wanajua lugha moja ya nakshi, alikuwa hana haja ya kumletea picha ya zulia. Akisema tu mlango, fundi anajua. Leo mteja anaijua nakshi kupitia simu, na kwenye simu mlango wa Unguja, wa Bara Hindi na wa Moroko ni kitu kimoja. Sasa kumfundisha mteja nayo ni sehemu ya kazi, wala hailipwi, na nadhani ndiyo inayowachosha kuliko patasi.

(Na hiyo misumari ya shaba bwana, mwambie tu si ya kwetu.)

PatasiYaLangoni

Nilimwambia. Akasema lakini inapendeza.

VigaeVyaPete

Mimi ni mfua fedha, natengeneza pete za vigae, vile vipande vya sahani za kale za Kichina, buluu na nyeupe. Nimesoma uzi wote nikajiona mwenye bahati maana ugonjwa huu sina, na sikuwa najua kwa nini.

Kigae hakina pacha. Mteja akiniambia nataka kama ya rafiki yangu namwambia sahani ya rafiki yako ishavunjika miaka mia na zaidi, chagua katika hivi. Anakaa chini namwagia vigae kwenye kitambaa, kimoja kina nusu ya ua, kimoja kina mstari tu, kimoja kina kitu kama mguu wa ndege. Akichagua, umbo la pete linaamuliwa na kigae, kimevunjika pembe tatu basi pete ni ya pembe tatu. Hata nikitaka kurudia siwezi. Kwa hiyo yeye kachagua, mimi nimebuni, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Patasi, wewe unanunua mbao zilizonyooka, safi, hazina jicho. Mbao kama hiyo inakubali waridi lile lile mara kumi na nne kwa sababu haina la kusema. Nenda Matondoni kwa waunda majahazi uombe mataruma ya zamani, zile mbavu za mbao za chombo, yale wanayoyatoa wakitengeneza dau bovu. Yana matundu ya misumari, yana kutu, yamepinda. Uone kama utaweza kurudia.

BiViua

Huyu kijana wa vigae amesema. Ila Patasi mwanangu, lipa madeni kwanza. Arbuni ya mtu ni amana.

MtejaMwenyeSubira

Bi Viua mwenyezi Mungu akupe umri.

PatasiYaLangoni

Narudi baada ya wiki saba, samahanini kwa kimya.

Kwanza madeni. Niliwapigia wote tisa, mmoja mmoja, nimekaa kwenye ngazi za gati nje hata nikitukanwa nisisikiwe na wanafunzi wangu. Nikawaambia kazi yako ni ya ngapi na itamalizika lini, na yule wa mbambakofi nikamwambia ukweli kwamba mbao sijanunua. Aliyenitukana ni mmoja tu. Wawili walisema chukua muda wako hatuna haraka, na mimi miezi yote hii nikiona majina yao kwenye simu nilikuwa naigeuza kifudifudi! Sita zimekwisha, zimebaki tatu. Oda mpya sikupokea isipokuwa ya kibao cha kusomea Kurani cha madrasa, na hicho walisema tu kiwe imara, urembo wachia wewe.

Wa misumari amechukua mlango wake. Mashimo niliyaziba kwa vipande vya mti mweusi nikavichonga kila kimoja ua dogo, sasa mkewe anasema ndicho anachokipenda kuliko vyote. Sina la kusema.

Halafu Matondoni. Nilikwenda siku ya maji makuu, nikapewa taruma moja bure na jengine nikalipa bei ya kahawa, nikarudi nayo juu ya punda mtu akaniuliza umezama? Lile la bure nililiweka mbele ya kibanda siku nne naliangalia tu. Limepinda kama kiwiko. Kuna matundu sita ya misumari na kila tundu kutu imeingia ndani ya mti ikafanya duara jeusi, limefifia kwenda nje, ukiliangalia kwa mbali ni kama mato. Nilitaka kuyaziba kwa mazoea. Nikashika unga wa mbao nikauacha. Nikaanza kuchonga mnyororo kufuata mpindo, na kila nikifika kwenye tundu mnyororo unalizunguka unaendelea, kwa hiyo pete za mnyororo hazilingani, moja kubwa moja ndogo moja imebanwa. Ami angenipiga kofi la kisogo. Chini kuna sehemu imeliwa na nyungunyungu wa baharini, imekuwa kama sega la nyuki, sikuigusa.

Nilikuwa nafanya baada ya alfajiri mpaka wanafunzi wanapofika, saa moja na nusu hivi. Si kila siku. Kuna siku nilikaa nikanywa kahawa tu. Limekuwa fremu ya kioo kidogo, kioo chenyewe nimekikata kwa umbo la mti. Na patasi iliteleza tena mara moja, nikamega pete moja ya mnyororo, nikakereka mpaka mchana nikamgombeza mwanafunzi asiye na kosa, baadaye nikamuomba radhi na huku nafurahi rohoni, yeye hakuelewa kitu.

Nikapiga picha nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, bila bei.

Sasa nisaidieni. Usiku ule ule yule meneja wa nyumba ya wageni ya Shela kaniandikia: fundi hii ni nzuri sana, nataka kumi kama hiyo, ziwe sawa sawa.

KijanaMkomani

Hahahahaha wallahi nimeanguka kitini

TwigaMoja

Chukua pesa! Bei ya mataruma kumi tu mbele, lakini chukua.

VigaeVyaPete

Mwambie akutafutie majahazi kumi yaliyopasuka mahali pamoja.

BiViua

Mwambie alete kuta kumi, nakshi utaleta wewe. Na hiyo ya kwanza usiiuze.

PatasiYaLangoni

Hiyo haiuzwi Bi, mke wangu ashaitundika.

Nimemwandikia hivi: kumi naweza, sawa hapana, kila moja itatoka kama taruma lilivyo, moja kwa mwezi, na naanza nikimaliza za watu tatu zilizobaki. Tiki zimekuwa buluu tangu saa tatu, hajajibu. Mimi nalala, kesho nina mbao ya mtu ya kupokea Mokowe.